Pini Mlangoni: Mwongozo Kamili wa Kuweka Lokesheni ya Biashara Yako Mombasa

Mteja ametoka Bamburi kwa tuktuk, amefuata ramani hadi mstari wa buluu ukaisha, kisha anapiga simu: "Nimefika, lakini naona ukuta tu na mbuzi wawili." Mwenye duka anatoka mbio hadi barabarani, anapunga mkono, anauliza, "Uko upande gani?" Mteja hajui. Dakika kumi zikipita tuktuk imegeuza, na ile biriani ameshakwenda kuila kwingine.

Maswali ninayoletewa kuhusu jambo hili yanafanana: "Nimeweka lokesheni, mbona watu hawafiki?" Wengi wameweka lokesheni ya simu yao, si ya duka lao. Simu ilikuwa nyumbani, au ndani ya matatu, au kwa kijana wa saiba aliyewasaidia, nayo ikabandika pini, ile alama ya mahali kwenye ramani, hapo hapo ilipokuwa.

Siwacheki. Kibanda changu cha kwanza cha fotokopi nilikiandikisha kwenye Google Maps usiku nikiwa kitandani Mikindani. Simu ikauliza kama ni hapa, nikagusa ndiyo, nikalala. Wiki ya pili, saa tatu usiku, mtu akagonga dirisha la chumba changu, kitambulisho mkononi, anataka kopi mbili.

Mwongozo huu unafuata njia ninayoitumia sasa. Tenga asubuhi moja, usiifanye kazi hii kwa vipande.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu janja yenye chaji ya kutosha, bando, na huduma ya mahali ikiwa imewashwa.
- Akaunti ya Google iliyo kwa jina lako na namba yako. Isiwe ya mpwa wako wala ya kijana wa saiba. Siku akipoteza simu au mkikosana, duka lako litabaki mikononi mwake.
- Bango lenye jina la biashara, hata la kuchora kwa rangi kwenye ubao. Bila bango, hatua ya 5 itakukwamisha.
- Leseni ya biashara ya kaunti, kama unayo.
- Namba ya simu utakayodumu nayo.
- Picha nne au tano za mchana: duka kwa nje, mlango, ndani, na bidhaa.
- Karatasi. Juu yake andika jina la biashara na namba vile vile vitakavyoonekana kila mahali. "Duka la Bi Harusi" na "Duka la Biharusi" kwako ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni maduka mawili.

## Hatua ya 1: Wateja wanakuja kwako, au wewe unawaendea?

Dada anayeoka keki jikoni kwake Kisauni, fundi bomba, mpaka hina anayeitwa majumbani kwa maharusi: hawa hawahitaji pini ya kuonekana na watu. Wasifu wa Biashara kwenye Google, yaani ukurasa wa duka lako unaoonekana mtu akikutafuta, unakuruhusu kuficha anwani na badala yake kutaja maeneo unayohudumia, hadi 20.

Sababu ni usalama. Pini ya nyumba ikishaenea haikusanyiki tena. Watu huipiga picha na kuitumiana kwenye makundi, na miaka miwili baadaye bado kuna mtu asiyekujua ambaye anajua unalala wapi.

Umefaulu ikiwa mtu akitafuta jina lako anaona "Nyali, Kisauni, Bamburi" na namba ya simu, bila pini. Wewe ruka moja kwa moja hadi hatua ya 3. Mwenye kibanda cha viazi karai, kinyozi, fundi cherehani mwenye chumba cha kuingiwa, tuendelee pamoja.

## Hatua ya 2: Pata nukta sahihi

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda dukani mchana. Toka nje, simama mbele ya mlango mahali unapoona anga. Fungua Google Maps, uangalie nukta ya buluu. Kuizunguka kuna duara hafifu, na duara hilo ni simu inakiri kwamba haina hakika: uko mahali fulani humu ndani. Subiri lisinyae. Penye anga wazi simu ya kawaida hukosea kwa mita kama 5 hivi, na hiyo inatosha.

Mji wa Kale ni habari nyingine. Simu inapata mahali kwa mawimbi ya setelaiti, na kwenye vichochoro vya Kibokoni nyumba za ghorofa zimekaribiana hadi roshani karibu zisalimiane. Mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika kwako, na nukta inaruka hadi kichochoro cha pili. Ukisimama hapo nusu saa, duara bado ni pana. Usiiamini. Badili ramani iwe ya picha za setelaiti, kisha tafuta paa lako kwa macho. Mimi huanza na kitu kisichopotea, kama Fort Jesus au barabara ya Ndia Kuu, kisha huhesabu mapaa kwa kidole hadi nifike.

Ukishaona paa, gusa na ushikilie kidole kwenye mlango, si katikati ya paa. Ramani humpeleka mtu kwenye barabara iliyo karibu zaidi na pini. Kama nyuma ya jengo lako kuna barabara nyingine, pini iliyo katikati inaweza kumpeleka mteja nyuma, na huko ndiko waliko wale mbuzi wawili.

Pini ikiangukia mlangoni, programu itaonyesha namba mbili. Kwa Fort Jesus ni takriban -4.0626, 39.6796. Zinakili kwenye karatasi yako, na ujihadhari na mambo matatu.

*Alama ya kutoa.* Mombasa iko kusini ya ikweta, ndiyo maana namba ya kwanza ina alama hiyo. Ukiisahau, unampeleka mteja kusini mwa Ethiopia.

*Mpangilio.* Namba ya kusini na kaskazini hutangulia, ya mashariki na magharibi hufuata. Ukizigeuza, unaangukia Hispania, pande za Toledo. Nimewahi kushika kadi ya harusi iliyowaalika watu huko, na ukumbi wenyewe ulikuwa Tudor.

*Desimali.* Digrii moja ni kama kilomita 111. Ukiandika desimali tatu tu, unaweza kukosea kwa makumi ya mita, na kwa mitaa yetu hiyo ni msikiti mwingine kabisa. Desimali nne zinabeba kama mita 11, na tano kama mita moja. Andika tano.

Chini ya namba hizo utaona pia msimbo mfupi wa herufi na tarakimu wenye alama ya kujumlisha katikati, na neno Mombasa mwishoni. Huo unaitwa Plus Code. Msimbo wa kawaida unataja mraba wa takriban mita 14 kwa 14, na mtu akiuandika kwenye Google Maps anafika. Kwa mitaa isiyo na namba za nyumba, ndiyo anwani ya bei rahisi kuliko zote. Uandike kwenye risiti na kwenye bango.

Umefaulu ikiwa simu ya mtu mwingine, ukiandika namba zile ndani yake, inaangusha pini mlangoni kwako. Usijaribu kwa simu yako. Simu yako inakujua na itakupendelea.

## Hatua ya 3: Tafuta kama tayari upo

Kabla ya kuandikisha duka kwenye Google, andika jina lako kwenye ramani, kisha jina la zamani la duka, kisha namba ya simu. Mara nyingi mteja au mpangaji aliyekutangulia alishaweka pini. Ukiikuta, gusa sehemu inayokuuliza kama wewe ndiye mmiliki, uidai.

Ukiumba nyingine juu yake, maoni ya wateja yatagawanyika sehemu mbili, na Google inaweza kuifunga moja, pengine ile uliyoihangaikia.

## Hatua ya 4: Jaza wasifu

Jina liwe lile lililo kwenye bango, bila nyongeza. Najua kishawishi cha kuandika "Biriani Tamu Nafuu Mombasa Nyali Bamburi" ili upatikane. Ni kinyume cha kanuni za Google, na wasifu unaweza kusimamishwa. Mahali pa kusema unauza nini ni kwenye aina ya biashara. Chagua aina iliyo finyu kuliko zote zinazokufaa, kwa kuwa Google hupanga majibu kwa mambo matatu: unavyolingana na kilichotafutwa, umbali wako na anayetafuta, na umaarufu wako. Umbali huwezi kuubadilisha, lakini kulingana na kilichotafutwa kuko mikononi mwako.

Saa za kazi zinahitaji uangalifu kwetu kuliko pengine. Kama unafunga Ijumaa kwa ajili ya swala, gawa siku hiyo mara mbili, kwa kuwa programu inakubali vipindi zaidi ya kimoja kwa siku. Mwezi wa Ramadhani, mkahawa unaolala mchana na kuamka magharibi hadi daku ujaze saa maalumu za tarehe hizo, usiguse zile za kawaida. Mteja aliyepanda feri kutoka Likoni akakuta kufuli atakuandikia nyota moja, na hutakuwa na la kumjibu.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwa video

Siku hizi njia ya kuithibitishia Google duka lako inayotokea mara nyingi ni video. Wengi huikosea kwa sababu wanapiga video nzuri. Google haitaki uzuri, inataka ushahidi wa mambo matatu: duka liko hapo, ni biashara ya kweli, na wewe ndiye unayeliendesha.

Anza barabarani. Onyesha kibao cha mtaa au maduka ya jirani, kisha sogea hadi kwenye bango lako mpaka lisomeke. Fungua kufuli kwa ufunguo wako bila kukata video, kwa sababu kitendo hicho kinasema mengi kuliko karatasi. Ingia, onyesha bidhaa au mashine, fungua droo ya pesa, na mwisho ionyeshe leseni ukutani. Kipande kimoja, kisichohaririwa, kisichopungua nusu dakika.

Onyo: usipige nyuso za watu, wala namba ya akaunti ya benki, wala kitambulisho chako. Na usipige usiku. Taa ya kibandani haimwonyeshi mtu chochote.

Majibu huweza kuchukua hadi siku 5 za kazi. Ukikataliwa, mara nyingi ni jina la bango lisilolingana na jina ulilojaza. Rudi kwenye karatasi yako.

## Hatua ya 6: Andika njia kwa Kiswahili cha watu

Pini inamfikisha mtu barabarani. Kutoka hapo hadi mlangoni ni kazi yako. Andika sentensi tatu, uzihifadhi kwenye simu.

Ya kwanza iseme gari linaishia wapi. Ramani inaweza kumwingiza dereva kichochoro ambacho hata mkokoteni unapita kwa dua. Mwambie aegeshe wapi, atembee dakika ngapi. Ya pili itaje alama isiyohama: msikiti, shule, benki, mbuyu. Usitaje muuza madafu, kwa sababu akihama na mkokoteni wake atahama na wateja wako. Ya tatu iseme mlango una rangi gani na uko mkono upi *ukitoka upande gani*. "Mkono wa kulia" peke yake umeshaniletea watu wawili waliokuja kutoka pande mbili, wote wakilalamika.

## Hatua ya 7: WhatsApp, na kosa la "nitumie lokesheni"

Mteja akiandika "nitumie lokesheni", kidole chako kitakwenda kwenye mahali ulipo sasa. Kama uko Marikiti unanunua vitunguu, umemwita Marikiti.

Badala yake fungua wasifu wa duka lako kwenye Google Maps, gusa kitufe cha kushiriki, unakili kiungo. Kisha kwenye WhatsApp Business, ambayo ni bure, kiweke kama jibu la haraka, yaani ujumbe uliohifadhiwa tayari kutumwa, pamoja na zile sentensi tatu za njia. Kuanzia hapo mtu yeyote anayeshika simu ya duka anatuma kitu kimoja, hata kama yuko Changamwe. Jaza pia anwani na saa za kazi kwenye wasifu wa WhatsApp Business, na pini uisogeze kwa mkono hadi ifike mlangoni.

Lokesheni inayotembea, ile ya muda wa dakika 15, saa moja au saa nane, ni kwa ajili ya mzigo ulio njiani. Mpelekaji aitume kwa mteja kwa dakika 15 au saa moja, na aizime akifika. Nimekuta vijana wameiwasha kwa muda wa saa nane kwenye kundi la watu mia, mmoja wao akaulizwa kesho yake alikuwa anafanya nini mahali fulani. Ndoa karibu ivunjike kwa sababu ya pizza.

## Hatua ya 8: Facebook na Instagram

Weka anwani kwenye ukurasa wa Facebook kwa jina na namba zile zile. Kisha, kila unapoweka picha ya duka, tagi mahali pa duka, usitagi "Mombasa" tu. Ukitagi mji mzima, picha yako inatumbukia kwenye bahari ya machweo ya jua na ngamia wa ufukweni. Ukitagi duka, anayegusa jina anaona picha za wazi zilizotagiwa hapo, zako na za wateja.

Hizo za wateja ndizo zenye thamani kubwa zaidi. Mgeni akitagi mahali pako, marafiki zake wanaona jina la duka na pini kwa pamoja, kutoka kwa mtu wanayemwamini, na wewe hujalipa shilingi. Bandika karatasi ndogo mezani yenye jina hasa la kutagi. Usipolitoa, watabuni, na utajikuta na "mahali" manne yenye majina manne.

Waombe waandike maoni kwenye Google pia, lakini usitoe soda wala punguzo kwa ajili ya maoni. Ni marufuku kwenye kanuni zao, na maoni ya namna hiyo hufutwa.

Na wewe mwenyewe? Picha zinazoonyesha uko peke yako dukani usiku ukihesabu mauzo, zisipande mtandaoni muda ule ule. Zipandishe kesho. Kabla ya kuweka picha za watoto wa wateja, omba ruhusa ya wazazi. Ukiwa unahifadhi lokesheni za majumbani kwa watu unaowapelekea mizigo, jua kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataja data ya mahali miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu. Usizisambaze kwenye kundi la wapelekaji, na zifute zikishamaliza kazi.

## Hatua ya 9: Ukilipia tangazo, kumbuka maji

Facebook na Instagram hukuruhusu kuchora duara kuzunguka pini na kulipia watu walio ndani yake tu. Kwa bajeti ndogo ni jambo zuri. Lakini duara halijui kwamba Mombasa ni kisiwa.

Chora kilomita chache kutoka katikati ya mji, na umeshaingiza Likoni. Kwenye ramani Likoni ni pua na mdomo, kwa miguu ni feri na foleni yake. Kutoka Mji wa Kale unaiona Nyali ng'ambo ya maji, unaweza karibu kuhesabu madirisha, lakini tuktuk itazunguka hadi daraja la Nyali. Unalipia macho ya watu ambao kwa chakula cha mchana hawatavuka.

Kwa hiyo weka duara dogo, kisha ongeza pini za kuondoa ng'ambo ambako hupeleki mzigo. Kama unauza kitu cha kusafiriwa, vazi la harusi au samani, acha ng'ambo ziwemo. Kwa baibui la harusi mtu atavuka feri. Kwa chapati, sidhani.

## Hatua ya 10: Jaribio la mgeni

Mtafute mtu asiyejua mtaa wako. Binamu aliyetoka Voi anafaa sana. Mpe jina la duka tu, usimpe namba ya simu, mwambie aje peke yake. Mwulize akifika: alisimama wapi, aligeuka wapi, alimuuliza nani? Kila alipomuuliza mtu ndipo penye pengo. Rekebisha pini au sentensi, umtume mwingine.

Baada ya mwezi fungua sehemu ya utendaji kwenye wasifu wako wa Google. Utaona watu wangapi waliomba maelekezo ya njia na wangapi walipiga simu. Yaandike maombi ya njia kwenye karatasi ile ile, kando ya mauzo ya wiki. Maombi yakiwa mengi na wageni wachache, watu wanapotea njiani: rudi hatua ya 2. Maombi yakiwa machache kabisa, hawakuoni: rudi hatua ya 4, kwenye aina ya biashara na picha.

Ukihama, usiandikishe duka jipya. Badilisha anwani ndani ya wasifu ule ule ili maoni yako yahame nawe, na ujiandae kuthibitisha upya kwa video. Sahihisha Facebook, WhatsApp na lile jibu la haraka siku hiyo hiyo. Pale pa zamani acha karatasi mlangoni yenye Plus Code mpya, na umwombe jirani asiibandue mpaka mwezi uishe.